Darasa Lililonyamaza Rubondo

Walimu wenzangu, wiki iliyopita niliwakabidhi funguo za kabati la darasa, na ninyi mkanipa kitenge, termosi na hotuba tatu ndefu. Hotuba zote zilisema kwamba sikuwahi kumwogopa mtoto yeyote. Nilitabasamu kwa adabu, kama inavyompasa mtu anayesifiwa akiwa bado hai, lakini nilijua si kweli. Yupo mtoto mmoja niliyemwogopa. Na kwa kuwa mmeniomba niwaandikie mambo ya kazi, nitaliandika na hilo.

Nilifika Nakivale, kambi ya wakimbizi kando ya ziwa nchini Uganda, mwishoni mwa miaka ya tisini, nikitokea upande wa Fizi, Kongo, cheti changu cha ualimu nimekishona ndani ya upindo wa sketi. Rubondo, mojawapo ya maeneo ya kambi, walikuwa wanatafuta mtu wa kukaa na watoto wadogo. Nilikuwa nimefundisha darasa la tano, nikadhani mtoto wa miaka minne ni mwanafunzi wa darasa la tano aliyepunguzwa urefu. Nilipewa turubai, mikeka miwili, chaki sita na watoto zaidi ya arobaini. Wengine walisema Kifuliiru, wengine Kibembe, wengine Kinyarwanda, na wachache walikuwa wameacha kusema kabisa. Niliwaimbisha a, e, i, o, u mpaka saa nne. Saa nne na dakika chache mmoja alinikojolea mguuni, akiwa amesimama wima, anaimba. Hiyo ndiyo ilikuwa ripoti yangu ya kwanza ya ukaguzi.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Mwalimu Peninah, Mnyankole wa Nyamityobora, kule Mbarara mjini. Alikuja kila mwezi kutuelekeza, mwanamke mrefu mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, na mkobani hakukosa sufuria ndogo na mwiko. Kiswahili chake alikiokota sokoni na kwa marehemu mumewe aliyekuwa askari. Siku ya kwanza alikaa nyuma ya darasa asubuhi nzima, akitazama. Kisha akaniita.

"Wewe nafundisha muzuri sana," alisema. "Lakini nafundisha nani?"

Akanipa daftari, akaniambia kila mtoto apate ukurasa wake, na kila ukurasa ujibu maswali matatu: anaweza nini, anakwama wapi, na kesho mwalimu abadilishe nini. Swali la tatu liliniudhi kwa miezi kadhaa, mpaka nilipoona linafanya kazi. Mtoto aliyeshindwa kushika kalamu tulimpa udongo wa kufinyanga ng'ombe, na baada ya ng'ombe kama hamsini vidole vikapata nguvu. Mtoto aliyekimbilia chini ya benchi kila mfuniko ulipoanguka tulimpa yeye kazi ya kufunika masufuria. Mwezi wa pili alikuwa anayagonga kwa raha, mpaka mpishi akaja kumshtaki. Nilianza kujiona nimeiva kazini.

Baada ya miaka kadhaa turubai likawa chumba cha udongo chenye mabati. Ndipo akaja Sifa.

Mama yake aliuza ndagala, dagaa wakavu wa ziwani, sokoni. Alimleta asubuhi ya masika, ukungu wa ziwani bado umelala juu ya mashamba, mtoto wa miaka mitano hivi mwenye gauni la njano. Nilimsalimia mtoto. Hakujibu. Alinitazama mdomoni.

"Hana na shida, Mwalimu," mama alisema haraka kuliko nilivyouliza. "Ni mutoto wa kimya tu. Anapenda kuangalia batu."

Kuangalia ni neno dogo. Sifa hakumtazama mtu machoni. Aliutazama mdomo, bila kupepesa, kwa namna ambayo mtu hutazama shimo ambalo kitu kimeingia na anasubiri kitoke. Nilipokuwa nikifundisha nilihisi maneno yangu yanapungua. Nilianza kumeza mate katikati ya sentensi. Nikimpa kisogo, nilihisi bado ananitazama. Nikigeuka ghafla, nilikuta ni kweli. Kitu kingine: alijua mtu anakuja kabla hajafika. Sote tukiwa tumeinamia kazi, yeye aliinua uso na kuutazama mlango uliofungwa, na baada ya muda mlango ulifunguliwa.

Katika ukurasa wake wa daftari niliandika jina tu. Kila jioni niliufikia, nikaupita.

Wiki chache baadaye niliona kwamba watoto wanaokaa naye benchi moja wameacha kupiga kelele. Nilifurahi, maana mwalimu wa chekechea haulizi utulivu umetoka wapi. Kisha benchi la pili likanyamaza, na la tatu. Nyumbani nako kukaanza maneno. Mama Eliya, jirani yangu, alinisimamisha kwenye bomba la maji.

"Mwalimu, Eliya yangu hasemi tena ku nyumba. Anataka maji, ananionesha mukono. Nikimupigia kelele, anaangalia mu kinywa yangu kama ule mutoto wa ndagala."

"Ni michezo ya watoto," nilimwambia.

"Batu mingi banasema anakula sauti ya benzake." Alinisogelea. "Na wewe, Mwalimu, mbona sauti yako inakauka siku hizi?"

Ilikuwa imekauka kweli.

Asubuhi moja nilikwenda jikoni kuangalia kama uji umeiva. Kelele za watoto hufika jikoni kabla ya mwalimu, ndivyo unavyojua kwamba wako hai. Nikiwa nimeshika upawa, nikasikia kelele zimekatika. Hazikupungua polepole, zilikatika. Mpishi naye aliacha kukoroga. Nikarudi nikitembea haraka, nikiwaza wametoroka wote.

Nilichungulia dirishani. Walikuwepo wote. Walikaa duara, migongo imenyooka, na Sifa katikati. Walikuwa wanafumbua na kufumba midomo bila sauti. Mikono ilipanda, ikashuka, ikagusa shavu, kifua, paji la uso, yote kwa pamoja, kama mikono ya mtu mmoja. Sikusikia hata kikohozi. Sifa akainua uso akautazama mlango, na watoto wote wakageuka wakautazama. Mimi nilikuwa bado sijaugusa.

Sikuingia. Nilirudi jikoni nikasema Zaburi moja niliyoikumbuka, nusu yake nikaikosea.

Siku tisa baada ya hapo, Zawadi akafariki. Alikuwa mtoto mchangamfu, rafiki wa karibu wa Sifa, na walikaa bega kwa bega. Ilikuwa malaria iliyopanda kichwani. Ilimchukua kwa siku mbili, na ya pili alipoteza sauti kabisa. Kwenye msiba mama yake alinishika mkono. Hakuwa akilia tena.

"Mwalimu, mutoto yangu alifanya hivi." Aligusa shavu kwa kidole, kisha akaweka kiganja kifuani. "Hivi, na hivi. Siku yote, mpaka mukono ikaanguka. Ni nini?"

"Sijui, Mama Zawadi."

"Wewe ni mwalimu yake. Alitoa hii ku shule."

Sikujua, na kutojua kwangu kulimtisha kuliko jibu lolote. Kufikia jioni Rubondo nzima ilikuwa inasema mtoto wa ndagala alimfunga mwenzake sauti kwanza, kisha akachukua roho. Wazazi wanne waliwaondoa watoto wao. Wazee wa kanisa walipanga Sifa apelekwe kwenye chumba cha maombi, afungwe humo siku saba bila chakula, mpaka kilichomo kitoke. Kila mtu alimjua mtoto wa miaka mitano aliyewahi kupelekwa mahali pa namna ile, na kila mtu alijua hakurudi akitembea.

Na mimi? Jumatatu asubuhi Mama Sifa alimleta kama kawaida, gauni limefuliwa. Nilisimama mlangoni nikaushika ubao wa mlango.

"Mrudishe nyumbani kwa sasa," nilisema. "Mambo yatulie."

"Hata wewe, Mwalimu?"

Sifa alikuwa ananitazama mdomoni. Nilifunga mlango.

Nilitarajia watoto wataanza kusema tena. Watoto waliobaki walikaa kimya wiki nzima, na kwenye benchi la kwanza waliacha nafasi mbili wazi, ya Zawadi na ya Sifa. Niliwaambia wasogee. Hawakusogea. Wakati wa nyimbo niliimba peke yangu, sauti yangu ikigonga mabati na kunirudia.

Ijumaa akaja Mwalimu Peninah. Alisikiliza habari yote, akaomba daftari, akafungua ukurasa wa Sifa. Alipitisha kidole kwenye weupe chini ya jina.

"Hapa hapana kitu," alisema.

"Niliogopa, Mwalimu."

"Mimi naona. Twende kwa huyo mtoto."

Tulimkuta Sifa nyuma ya nyumba yao, amechuchumaa, anapanga mawe. Peninah alinyata nyuma yake, akatoa sufuria na mwiko, akagonga kwa nguvu mpaka kuku wakaruka na jirani akatoka nje. Sifa aliendelea kupanga mawe. Peninah akagonga tena, karibu kabisa na sikio. Sifa akaongeza jiwe. Kisha Peninah akaweka sufuria chini na kukanyaga ardhi mara moja kwa kisigino. Sifa akageuka papo hapo, akamtazama mdomoni.

"Hii mtoto hapana sikia," Peninah alisema. "Yeye nasikia na miguu tu. Hiyo mudomo yako, yeye natafuta maneno ndani."

Mama Sifa alikaa chini pale pale kwenye vumbi. Alisema mtoto alipata homa kali njiani walipokuwa wanakimbia, akiwa bado wa kubebwa mgongoni, na tangu hapo hakushtuka kwa kelele. Alificha kwa sababu aliambiwa shule haitampokea. Niliona aibu ambayo mpaka leo sijapata mahali pa kuiweka. Mikono ya darasa langu ilikuwa mazungumzo. Watoto wa miaka mitano walikuwa wamegundua mwenzao anahitaji nini, wakamtengenezea lugha, na mwalimu wao akakimbilia jikoni kusoma Zaburi.

Peninah hakuweza kubaki; alikuwa na walimu wengine wa kuwatembelea. Jumapili baada ya ibada nilisimama peke yangu mbele ya wazee, nimemshika Sifa mkono mmoja na Eliya mwingine. Kanisa lilijaa mpaka nje.

"Mtoto huyu ni kiziwi," nilisema. "Wenzake wanamsemesha kwa mikono. Mchungaji, mnong'oneze Eliya jambo lolote, nisilisikie mimi wala mtu mwingine."

Mchungaji aliinama akamnong'oneza. Eliya alifikiri, akamgeukia Sifa, akapapasa hewani juu ya kichwa, akaonyesha dirisha, akavuta kiganja kifuani. Sifa alipita katikati ya watu. Wanawake walivuta sketi zao zisimguse. Alikwenda mpaka dirishani, akachukua kofia ya mchungaji, akarudi nayo, na kwa kuwa hakuna aliyemwambia aishie hapo, akamvalisha.

Hakuna aliyecheka. Mzee mmoja alisimama akimnyooshea Sifa kidole. "Munaona? Batoto bote banajua luga ya pepo! Atatumaliza!" Watu wakaanza kusukumana kuelekea mlangoni, mwingine akaanza kukemea kwa jina la Yesu, na mikono miwili ikamshika Sifa bega. Nilimvuta kwangu. Nilihisi moyo wake unagonga kwenye mguu wangu.

Ndipo Mama Zawadi akaja mbele. Watu walimpisha. Alipiga magoti mbele ya Eliya, akagusa shavu kwa kidole, akaweka kiganja kifuani.

"Hii ni nini?"

Eliya alinitazama mimi kwanza. Nikamwambia ajibu.

"Ni mama," alisema.

"Mama wa nani?"

"Mama tu. Ukitaka mama yako akuye, unafanya vile."

Mama Zawadi aliirudia ile ishara, polepole. Sifa aliyekuwa amejificha kwenye kitenge changu akatoka, akamtazama, akageuka akamwonyesha mama yake mwenyewe aliyesimama nyuma kanisani: yule pale.

"Alikuwa ananiita," Mama Zawadi alisema. "Nilikuwa pale, karibu ya kitanda, na alikuwa ananiita." Kisha akawageukia wazee. Hakupaza sauti. "Huyu mutoto hamumupeleke fasi yoyote. Kama sauti ya mutoto yangu iko kwa mikono ya hawa batoto, mimi nitakuwa nakuya kuiangalia."

Mchungaji alivua kofia. Alisema tuombe, akaomba kwa ufupi, jambo ambalo halikuwa desturi yake. Hakuna aliyekitaja tena chumba cha maombi.

Mwezi huo tulimpeleka Sifa hospitali Mbarara. Daktari alithibitisha kwamba masikio yote mawili hayapokei sauti. Basi nikaanza kazi ambayo ningepaswa kuianza siku ya kwanza. Nilimkalisha mbele, mahali ambapo mwanga unaniangukia usoni. Niliacha kusema huku nikiandika ubaoni, maana kisogo hakisomeki. Kwa kila neno jipya nilitafuta kitu halisi au mchoro, na kama sikupata, niliwauliza watoto ishara yake. Kama hawakuwa nayo, waliitunga, na kwa kawaida walinishinda. Nilipotaka darasa linisikilize nilikanyaga ubao tulioutandika sakafuni, na wote waligeuka, wenye masikio na asiye nayo. Jambo la kuchekesha ni kwamba mtoto wa Kinyarwanda na mtoto wa Kibembe, ambao kabla ya hapo walikuwa wanapigana kwa sababu hawakuelewana, sasa waligombana kwa mikono na kupatana hapo hapo. Mama Zawadi alikuja kila Alhamisi kukoroga uji. Hakukosa wiki hata moja.

Mgeni akitutembelea bado alisimama mlangoni akisita. Simlaumu. Chumba cha watoto arobaini wanaosema bila sauti huwezi kukizoea. Mimi mwenyewe, asubuhi za ukungu, nilipokuwa nikikaribia na kusikia kimya kile, nywele za shingoni zilinisimama, miaka yote.

Wadogo zangu, nina machache ya kuwaachia. Mtoto mpya msimpe jina la ugonjwa wala la pepo siku ya kwanza. Andikeni alichofanya, basi. Mkiona ukurasa wa mtoto mmoja unabaki mtupu, jiulizeni mnaogopa nini. Na benchi lake lipimeni kwa miguu yake, maana mtoto anayening'iniza miguu hewani hasikii hata akiwa na masikio.

Baada ya miaka miwili Sifa alipata nafasi katika shule ya watoto viziwi upande wa Kakiika, Mbarara. Mwezi uliopita, kabla ya kukabidhi funguo, nilikwenda kumwona. Nilimkuta msichana mrefu wa miaka kumi na minne, anamenya ndizi, maana ilikuwa zamu yake jikoni. Mwalimu wake alikaa kati yetu kututafsiria. Mazungumzo ya kawaida yalipokwisha, nilimwomba mwalimu amwambie kwamba nimekuja kuomba msamaha kwa ile Jumatatu niliyomfungia mlango, na kwa wiki nzima niliyomnyima shule.

Sifa alijipangusa mikono. Kisha ikaanza kusema, na mwalimu akaifuata taratibu.

"Anasema mlango haukumbuki. Wiki hiyo anaikumbuka. Kila siku mlipomaliza masomo, watoto walikuja nyuma ya nyumba yao, wakipita kwenye mahindi ili wazazi wasiwaone. Walimwonyesha herufi zote mlizosoma siku hiyo. Waliziandika chini, wakazipanga kwa mawe."

"Muulize ni nani waliokuja."

Sifa hakusubiri swali litafsiriwe. Alikuwa amelisoma mdomoni mwangu. Alizungusha mkono mmoja, duara kubwa, akaufunga ngumi.

"Wote," mwalimu alisema.

Niliporudi Rubondo nilifungua kabati na kutafuta rejista ya mwaka ule. Wiki ile ipo, kwa mwandiko wangu mzuri wa kalamu ya bluu. Mbele ya jina la Sifa, kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa, niliandika mara tano: hayupo.